Volti kupotea njiani ni nini: betri nzima, stata nzima, na gari haiwaki

Ukiwa na gari ya zamani, miaka 20 na kuendelea, kuna siku utazungusha ufunguo usikie "tk" moja tu kwenye boneti, taa za dashibodi zififie, basi. Unapima betri kwa mita ya umeme, volti 12.6. Unapima ule waya mnene kwenye stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, 12.6 tena. Kila unachogusa na mita kinakwambia umeme upo. Hapo ndo watu wanaanza kununua vitu, betri mpya kwanza, alafu stata, alafu alteneta, na gari inabaki vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye kifaa, ulikuwa kwenye njia ya umeme kufika kwenye kifaa na kurudi.

Hii ndo inaitwa volti kupotea njiani. Volti zote zinazotoka pozitivu ya betri lazima ziishe zikizunguka mpaka zirudi negativu, hamna inayobaki. Saketi ikiwa nzima karibu zote zinaishia kwenye kazi, yaani kwenye balbu au kwenye mota. Saketi ikichoka, sehemu ya hizo volti inaliwa na terminali yenye kutu, na swichi iliyoungua ndani, na waya uliokatika nyuzi umebaki na chache, na inayoliwa hapo inageuka joto tu. Ndio maana ukigusa kiungo kibovu taa zikiwa zimewaka muda kidogo unakikuta kina moto wakati waya wa pembeni yake ni baridi. Kwa hiyo usijiulize tu kama umeme upo, jiulize volti zako zinaishia wapi.

Sasa kwa nini mita ilisema 12.6? Kwa sababu mita yenyewe haivuti umeme wowote wa maana. Waya wa nyuzi 20 ukibaki na uzi mmoja utaonyesha 12.6 safi kabisa mpaka uupe mzigo, yaani kitu kinachovuta umeme mwingi. Hesabu yake ni ndogo sana, kanuni ya Georg Ohm ya mwaka 1827: volti zinazopotea ni ampea (wingi wa umeme unaopita) mara ukinzani (jinsi njia inavyouzuia umeme, unapimwa kwa omu). Chukua kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma vizuri. Redio ikivuta ampea 1 inapoteza volti 0.01, hutajua kitu. Stata ikivuta ampea 150 kwenye kiungo hichohicho inapoteza volti 1.5, na hapo ni kiungo kimoja, gari kuukuu linavyo vingi. Mtu akikwambia "redio si inapiga, umeme upo", amepima njia kwa mzigo mwepesi tu.

Kupima kwenyewe ni kinyume na tulivyozoea, na hapa ndo pa kutulia. Huweki ncha moja pozitivu nyingine negativu. Unaweka ncha zote mbili kwenye mwisho na mwisho wa njia ileile, na unachotaka kuona ni sifuri au karibu yake. Upande wa pozitivu: ncha moja kwenye risasi yenyewe ya betri, ile nguzo, sio kwenye kikamatio chake, nyingine kwenye bolti ya stata. Gia iwe huru, breki ya mkono juu, toa fyuzi ya pampu ya mafuta au zima moto wa plagi ili injini isiwake, alafu mtu azungushe stata sekunde chache wewe unasoma. Njia nzima ya pozitivu ikizidi volti 0.5 kuna tatizo, waya mmoja peke yake usizidi 0.2. Alafu hamia negativu, ncha moja nguzo ya betri, nyingine chuma tupu cha injini, napo usizidi kama 0.2. Usipozungusha stata utasoma sifuri kila mahali na utadhani gari ni nzima.

Negativu ndo inasahaulika kuliko vyote. Hii waya ya kurudishia umeme kwenye bodi, ambayo mafundi wanaita athi, inafungwa na bolti kwenye bati, na bati ikipigwa rangi upya au ikishika kutu, umeme unatafuta njia nyingine. Unakanyaga breki indiketa inawaka kwa mbali, hiyo ni athi ya taa za nyuma, umeme unarudi kwa kupitia balbu ya jirani. Athi ya injini ikikatika kabisa, ampea za stata zinaweza kurudi kupitia kebo ya akselereta mpaka ikaungua, na mtu anabadilisha kebo bila kujua ilipata moto wapi.

Taa za mbele nazo zinaumia kuliko unavyofikiri. Balbu ya kawaida ikipata asilimia 90 ya volti zake inatoa kama asilimia 70 tu ya mwanga. Magari mengi ya zamani yanapitisha umeme wote wa taa ndani ya swichi, hakuna rilei (swichi ya pembeni inayobeba umeme mwingi kwa niaba ya ile unayobonyeza), kwa hiyo kabla hujanunua balbu kali zaidi zitakazozidi kuichoma swichi, pima kwanza zinafikiwa na volti ngapi zikiwa zimewaka.

Gari yangu ilikuwa na hiyo "tk". Pozitivu ilisoma 0.3, sawa. Kutoka injini kwenda nguzo ya negativu, stata ikizungushwa, mita ikaruka mpaka 1.9. Nikaingia chini nikafungua ule mkanda wa shaba iliyosukwa unaotoka gia boksi kwenda chesisi, kwa juu ulikuwa unaonekana mzima, ila nilipoukunja nyuzi zikamwagika unga wa kijani mkononi. Nikapiga msasa chuma pande zote mbili mpaka kikang'aa, nikafunga mkanda mpya, nikapaka grisi kwa juu ili maji yasiingie, nikarudia kupima palepale. 0.08.