Singe ya 1907 si ya mwaka 1907

Huku Lindi na Mtwara chuma cha vita ya Mjerumani, yaani vita ya kwanza ya dunia, hakikosi wa kukisifia, na sifa ya kwanza huwa ileile: "Singe ya Mwingereza hii, ya mwaka 1907, imeandikwa." Imeandikwa kweli kwenye hicho kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki, ila 1907 ni toleo, yaani jina la muundo wake. Mwaka wa kutengenezwa umegongwa chini yake.

Tazama bapa pale linapokutana na kikingio cha vidole. Kuna taji, herufi za mfalme, 1907, kisha mwezi na mwaka, mathalani 8 '16, ndiyo Agosti 1916, halafu kiwanda: Wilkinson, Sanderson, Chapman na wenzao. Upande wa pili kuna mshale wa serikali na X, alama kwamba bapa lilijaribiwa kwa kupindwa. Miaka iliyogongwa pembeni baadaye ni ya kutolewa upya baada ya matengenezo.

Hayo matengenezo ndiyo yanayozua ubishi wa "feki". Singe za mwanzo zilikuwa na ndoano kwenye kikingio. Mwaka 1913 ndoano ikafutwa, na nyingi za zamani zikakatwa. Tundu la kwenye kitako cha mpini lilianza 1916, likatobolewa hata kwenye zilizotangulia. Basi ya 1911 isiyo na ndoano na yenye tundu ni halali kabisa. Papasa chini ya kikingio, huenda ukagusa kovu la tupa.

Mpini wenyewe ni mbao mbili za walnati na skrubu mbili, na mbao hubadilishwa. Zikiandikwa SLAZ, hao ni Slazenger, wale wa raketi za tenisi, waliochonga mbao kwa ajili ya singe za Australia katika vita ya pili. Bapa si lao. Ukishuku kwamba fundi wa kwetu ameweka mpingo, fungua mbao uzitumbukize kwenye ndoo ya maji: mpingo unazama, walnati kavu inaelea.

Msasa usiguse maandishi. Lowesha kwa mafuta ya taa, ufute kwa kitambaa.

Na anayesema yake iliachwa Mahiwa, mwombe kwa upole asome mstari wa chini. Mapigano ya Mwingereza na Mjerumani pale Mahiwa, Lindi, yalikuwa Oktoba 1917. Ikiwa imegongwa '18, ni toleo la 1907 lililotengenezwa 1918, na Mahiwa haikufika.