"Ni mapacha tu": dhana potofu kuhusu ini la mjamzito

Mimba ya mapacha haikosi kisingizio. Unatapika? Mapacha. Umechoka? Mapacha. Hata ini likianza kulalamika, wanasingiziwa walewale, ilhali wao ndio sababu ya kulipima mapema.

"Unawashwa kwa sababu tumbo limetanuka."
Tumbo likitanuka huwasha, sikatai. Lakini viganja na nyayo havitanuki. Mama anayeamka usiku kusugua nyayo kwenye sakafu ya baridi, ngozi haina kipele hata kimoja ila mikwaruzo ya kucha zake mwenyewe, asipewe losheni akaambiwa aende. Apimwe damu kuona asidi za nyongo na vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazopanda kwenye damu ini likiumia. Huenda nyongo imekwama kwenye ini na kuingia kwenye damu, hali inayowapata zaidi wenye mapacha. Majibu yakiwa mazuri na mwasho ukaendelea, vipimo hurudiwa, kwa kuwa mwasho unaweza kutangulia majibu kwa wiki kadhaa.

Mwasho humtesa mama, ila hatari kubwa iko kwa watoto. Asidi za nyongo kwenye damu zikifika maikromoli 100 kwa lita, uwezekano wa mtoto kufia tumboni hupanda, ndiyo maana madaktari hupanga uzazi mapema, mara nyingi kabla ya wiki ya 37.

"Nameza dawa ya nyongo, basi watoto wako salama."
Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2019 haukuona dawa hiyo, asidi ya ursodeoksikoli, ikiwapunguzia watoto hatari. Mwasho wenyewe ulipungua kidogo tu. Kliniki usiache.

"Maumivu ya chembe cha moyo ni kiungulia, na presha yangu iko sawa."
Maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya wiki ya 20 yanataka kipimo cha damu siku hiyohiyo. Katika HELLP, tatizo kali la ujauzito linalogusa damu na ini, seli nyekundu huvunjika, vimeng'enya vya ini hupanda, chembe sahani zinazogandisha damu hushuka, na wapo wanaoipata presha ikiwa ya kawaida.

"Ini limejaa mafuta kwa sababu ya vyakula vya kukaanga."
Ini la mafuta la ghafla la ujauzito ni nadra na halitokani na sahani. Kutapika upya miezi ya mwisho, kiu kali na macho ya manjano ni dharura: sukari hushuka, damu hukataa kuganda, na tiba ni kuzalishwa haraka.

"Nikijifungua yameisha."
HELLP inaweza kuanza baada ya kujifungua, hasa ndani ya saa 48. Mwasho wa nyongo huisha, lakini vimeng'enya vikibaki juu wiki ya 6, huenda ini lina ugonjwa mwingine wa kutafutwa.