Waridi la jangwani: jangwa gani hilo?

Jumamosi ya wiki juzi mzee mmoja mstaafu alishuka kwenye bajaji mbele ya kitalu changu, amekumbatia chungu kama aliyebeba mtoto mwenye homa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akakitua chungu juu ya meza.

"Mwanangu, ua lako limeoza. Na maji wala silipi. Tangu Krismasi halijaona hata tone."

Nikalibonyeza tumbo la ule mmea, yaani shina lake nene la chini, kwa kidole gumba. Laini pande zote, ngozi imejikunja kama embe lililosahauliwa juu ya friji. Majani yamebaki matatu kileleni, yote ya njano. Udongo umekauka hadi ukajitenga na ukuta wa chungu, ukaacha mwanya wa kuingiza sarafu ya mia mbili. Mmea ule ulikuwa unakufa kwa kiu, katikati ya Februari ya Dar es Salaam, mikononi mwa mtu anayeupenda.

"Nani alikuambia usiumwagilie, mzee?"

"Kwani si la jangwani hili?"

Huyo alikuwa wa nne tangu mwaka uanze. Wengine watatu walinitumia picha kwa Wasap. Basi nimeona niandike mara moja, ili siku nyingine nitume hapa na mimi niendelee kujaza viriba vya miche.

Tuanze na hilo jina, maana ndilo lenye makosa. Adeniamu, au dezati rozi kama wateja wangu wengi wanavyoiita, si waridi. Ni ya ukoo mmoja na franjipani na oleanda, ule ukoo wa mimea yenye utomvu usio wa kuchezea. Mswidi Pehr Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763 katika safari ya kukusanya mimea, aliiweka kabisa katika kundi la oleanda na kuipa jina la obesum, yaani mnene. Jina la Adenium lilikuja mwaka 1819, na limetokana na Aden, ile bandari ya Yemen. Hakuna jangwa wala waridi katika jina lake la kitaalamu. Kuna bandari na unene. Jangwa liko kwenye jina la kuuzia, na ukiuza kitu kwa jina tamu, mnunuzi hutunza jina.

Sasa angalia inakoota yenyewe. Ipo Tsavo, kwenye miamba, na ukipita na gari wakati wa kiangazi utaiona haina jani hata moja, imejaa maua ya pinki, watu wanasimama kupiga picha. Ipo kwenye nyika zetu huku Tanzania. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi huipika ikawa sumu ya mishale. Ipo Dhofar kule Oman, ambako milima hufunikwa ukungu na manyunyu kuanzia Juni hadi Septemba, na kila kitu kinakuwa kijani. Sehemu zote hizo ni kavu muda mwingi, sibishi. Lakini zina msimu wa mvua, na mvua ikija inakuja kweli. Hapo ndipo adeniamu inapotoa majani, inakunywa, inajaza tumbo. Ile picha ya maua bila majani ambayo kila mtu anayo kichwani ni picha ya mmea unaokula akiba. Tumbo ni ghala, na hakuna anayejenga ghala kama havuni.

Kwa hiyo mtu akiniambia "haitaki maji" huwa namuuliza: hilo tumbo imelijaza nini, upepo?

Najua mtakachosema. "Lakini mimi niliimwagilia ikaoza." Naamini. Na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye mambo.

Mizizi ya adeniamu iko ya aina mbili. Kuna ile minene, ambayo ni tumbo lililoendelea chini ya udongo, na kuna ile myembamba kama uzi, ambayo ndiyo inayokunywa. Ukiinyima maji wiki sita wakati wa joto, ile myembamba inakufa. Tumbo halifi, linasinyaa tu. Siku unapoingiwa na huruma ukamwaga ndoo nzima, hakuna wa kuyanywa. Maji yanakaa kwenye udongo, hewa inakosekana, mizizi myembamba iliyokufa inaanza kuoza, na kuoza kunapanda kuingia tumboni. Baada ya siku kumi mmea umekuwa uji. Nawe unasema, "Si mnaona? Nilimwagilia mara moja tu, maji yameua." Kilichotangulia kuua ni ile kiu ya wiki sita. Maji yalikuta maiti.

Ndiyo maana ua la yule mzee sikulitosa kwenye beseni, ingawa mikono iliniwasha. Nililitoa kwenye chungu nikatazama mizizi, nikakata iliyokauka kabisa, nikalipanda upya kwenye udongo wenye unyevu kidogo, nikaliweka kivulini siku tatu. Halafu kikombe kimoja cha maji. Baada ya siku mbili, kikombe kingine. Majani mapya yalipochomoza kama ncha za penseli, nikalitoa juani na kulipa maji hadi yatoke chini.

Na ulaini? Wengi mnabonyeza, mnaona laini, mnakimbilia kusema limeoza, mnazidi kulinyima. La kiu ni laini sawasawa pande zote, ngozi ina mikunjo lakini imeshika, na ukiikwaruza kidogo kwa ukucha utaona kijani chini yake. Lililooza lina doa. Upande mmoja mgumu, upande mwingine kidole kinazama; ngozi inabanduka, ndani kahawia, na likishaenda mbali linanuka kama viazi vilivyosahauliwa kwenye kiroba. Hivyo ndivyo navyowafundisha vijana wangu. Lakini niseme ukweli: mara nyingine kuoza kunaanzia chini katikati, nje kote kuko sawa, na mimi mwenyewe nabonyeza sipati jibu. Hapo sibahatishi, naung'oa. Mmea huu hauogopi kung'olewa. Unaweza kukaa juu ya gazeti kivulini wiki nzima bila udongo na usinung'unike.

Ukikuta umeoza, kata kwa kisu kisafi hadi ufike kwenye nyama nyeupe isiyo na doa hata la punje, kisha acha kidonda kikauke siku kadhaa mpaka kifunge. Mimi hupaka jivu la mkaa. Nimepaka miaka yote hii na sijawahi kuacha hata mmoja bila jivu nione tofauti, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba jivu ndilo linaloponya. Nadhani dawa ni kukauka, na jivu linanituliza mimi.

Haya, udongo. Kuoza kunaletwa na maji yanayokaa, kwa hiyo shida yako kubwa ni chungu na kilichomo. Mchanganyiko wangu ni mchanga mkubwa wa mto, vipande vya tofali za kuchoma vilivyopondwa ukubwa wa punje za mahindi, mkaa kidogo, na samadi iliyooza ikalala, isiyo na harufu. Tofali na mchanga ndio wengi. Mchanga wa baharini usilete, una chumvi. Udongo mweusi wa bustani, ule mnaousifu kwa mchicha, pelekeni kwenye mchicha.

Na makumbi ya nazi. Hapa napandwa na hasira. Miche mingi inauzwa ikiwa kwenye makumbi matupu yaliyosagwa, kwa sababu ni mepesi kusafirisha na kitaluni kuna mtu anayejua lini amwagilie. Wewe unaununua, unaupeleka sebuleni, makumbi yanashika maji kama sifongo, unaambiwa punguza maji, unapunguza, yanakauka kabisa katikati, kisha unarudi kule kule kwenye kiu na ndoo. Nunua, peleka nyumbani, uache uzoee wiki moja, halafu ubadilishe udongo. Na chungu kisiwe kikubwa. Watu wanapenda kuupa mmea mdogo chungu kikubwa "ili ukue," kama mama anayemnunulia mtoto sare ya darasa la tatu akiwa la kwanza. Udongo usio na mizizi haunywewi na mtu, unabaki umelowa. Kizidi upana wa tumbo kwa vidole vitatu au vinne, basi, na kiwe na tundu chini. Lile sahani la chini litoe, au umwage maji yake.

Sasa lini kumwagilia. Mnataka nitaje siku, na siku siwezi kuzitaja. Chungu cha plastiki na cha udongo havikauki sawa, kibaraza cha Mbezi si kibaraza cha Dodoma. Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke hadi karibu na chini, kiache dakika chache, kichomoe. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Kikitoka na udongo umeganda, kesho. Kwangu, Desemba hadi Machi, vyungu vidogo vinavyokaa juani vinakunywa kila siku au siku moja moja kupita. Ndiyo, kila siku! Masika yakianza navisogeza chini ya ukingo wa bati, juu ya matofali, na naweza kumaliza wiki nzima sijagusa mpira wa maji. Kipupwe nacho kikiingia, mimea inapunguza mwendo na mingine inapukutisha majani. Hapo maji kidogo tu. Ndugu wa Njombe na wa Arusha, Juni na Julai ingizeni ndani na msimwagilie hadi muone jani jipya. Baridi na maji kwa pamoja ndivyo vinavyoua kuliko kimoja kimoja.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Nina adeniamu mbili kubwa nilizopanda ardhini, kwenye tuta la kifusi karibu na geti. Zinanyeshewa masika yote, miaka yote, na hazijawahi kuoza. Ya tatu, tuta lile lile, udongo ule ule, ilikufa ndani ya wiki mbili. Nikisema ni kidonda cha mizizi wakati wa kupanda nitaonekana mtaalamu, lakini hilo nilijiambia baada ya kuizika.

Mengine haraka haraka. Jua kamili, jumla ya muda wa saa sita kila siku; sebuleni haitoi maua, msinilaumu. Maua huja kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukikata tawi moja yakatoka matatu, umepata ncha tatu. Mimi hukata Septemba. Urea inakupa matawi marefu na majani ya kujivunia, maua hakuna. Utitiri ukiingia utaona majani yanapauka na utando mwembamba chini yake. Washa mpira wa maji uyapige kwa chini. Ukitaka tumbo la mviringo panda mbegu, maana la kipandikizi cha tawi hunenepa mizizi tu, halijai vile. Lakini mche wa mbegu hauahidi rangi ya mama yake. Anayetaka rangi fulani huubebesha tawi la mmea wenye rangi hiyo. Na vaa glavu unapokata, nawa mikono, usiache vipande mahali mbuzi au mtoto atavipata. Nimeshataja mishale.

Mzee alirudi juzi kuchukua chungu chake. Tumbo limejaa, limekaza kama mpira, majani yameshafika kumi na moja, aliyahesabu mwenyewe.

"Kwa hiyo sasa nilimwagilie kila siku?"

Nikampa kijiti cha mishikaki. Akakigeuzageuza, akakichomeka nyuma ya sikio kama fundi seremala na penseli yake, akapanda bajaji.