Ushuru wa handaki: ya barazani na ya mkatabani

Mpwa wangu anaishi Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, na kazi yake iko ng'ambo ya mto Thames. Asubuhi huvuka kwa handaki la Dartford, jioni hurudi kwa daraja lililo kando yake, maana pale magari yaendayo kaskazini hupita chini ya mto na yarudiyo kusini hupita juu. Septemba 2025 alinitumia ujumbe wa sauti, nami nikaufungua barazani bila kujua kilichomo: "Ami, wamepandisha. Ilikuwa pauni mbili na nusu, sasa tatu na nusu. Kwenda tatu na nusu, kurudi tatu na nusu. Hawa watu hawana huruma."

Baraza zima likamwonea uchungu kijana. Lamu hatuna handaki, na magari ya kisiwani unaweza kuyahesabu kwa vidole, lakini hakuna mtu hapa asiyejua kulipa ndipo ufike ng'ambo. Kila siku ni boti ya Mokowe, upande wa bara. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na lake la kusema, na buli la kahawa likamalizika watu bado wanashindana. Uchungu ulikuwa wa haki. Maelezo ndiyo yaliyokuwa na kasoro, na mengi ya yaliyosemwa jioni ile nimeyasikia pia kwa watu wa Nairobi wenye magari yao.

"Deni likiisha, ushuru huondoka"

Hili lilitoka kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini Mombasa, na alilisema kama mtu anayesoma risiti. Akilini linaingia: umekopa, umejenga, umelipwa, basi fungua lango watu wapite.

Dartford ndivyo walivyoahidiwa. Handaki la kwanza lilifunguliwa 1963, la pili 1980, daraja 1991, na ahadi ilikuwa kwamba ushuru ungekoma deni likilipwa. Deni likalipwa. Ilipofika Aprili 2003 watu waliendelea kulipa kama kawaida, kilichobadilika ni jina. Kilichokuwa ushuru wa kulipia ujenzi kikawa ada ya kupunguza msongamano, chini ya sheria nyingine. Hoja ya serikali si ya kuchekwa, kwani vivuko vile vilipangiwa magari 135,000 kwa siku na mara nyingi hupita zaidi ya hapo. Lakini kwa mpwa wangu pesa ni zilezile, na mfuko zinakotoka ni uleule.

Kule Virginia, Marekani, kisa ni cha ajabu zaidi. Miji ya Norfolk na Portsmouth imetenganishwa na mto Elizabeth, na mahandaki mawili ya chini ya mto huo yalifunguliwa 1952 na 1962, yote kwa ushuru. Miaka ya 1980 ushuru ukaondolewa. Watu wakaoa, wakajenga upande huu na kuajiriwa upande ule, wakasahau. Februari 2014 ukarudi. Safari hii ni wa kulipia handaki jipya kando ya lile liitwalo Midtown, moja ya hayo mawili, pamoja na kuyakarabati yale ya zamani, kwa mkataba wa miaka 58 na kampuni binafsi. Handaki jipya lenyewe lilifunguliwa 2016. Yaani zaidi ya miaka miwili watu walilipia njia ambayo hakuna gari lililokuwa limeipita.

Nisimwonee mzee wangu, huondoka pia. Madaraja ya Severn, kati ya Uingereza na Wales, yaliacha kutoza tarehe 17 Desemba 2018, na mpaka leo ni bure. Kwa hiyo jibu sahihi ni kwamba deni likiisha, kinachofuata ni uamuzi wa wanasiasa, na uamuzi huo unaweza kwenda huku au kule.

Nasi Kenya tulikuwa navyo vituo vya ushuru barabarani, vikaondolewa miaka ya 1990. Ukipanda matatu ya Thika Road bado utamsikia kondakta akiita "Toll!", na watu wanashuka pale bila kulipa chochote cha barabara. Jina limebaki kama kaburi lisilo na maiti, kwa sababu maiti mwenyewe alihamishwa. Alihamishiwa wapi, nitafika huko.

"Wanapandisha wakijisikia"

Wangekuwa wanapandisha wakijisikia ingekuwa nafuu, kwa sababu mtu unaweza kumwendea ukamsihi. Kwa kawaida kupanda kumeandikwa tangu siku ya kutia saini.

Norfolk tena: mkataba unaruhusu ushuru kupanda kila mwaka kwa asilimia 3.5 au kwa kadiri ya mfumuko wa bei, lolote litakalokuwa kubwa. Ukiisikia asilimia 3.5 unaona ni kitu kidogo. Chukua kalamu. Ikipanda hivyo mwaka hadi mwaka, baada ya miaka 20 ushuru umekuwa maradufu, na mkataba unaishia 2070. Mtoto aliyezaliwa mwaka ushuru uliporudi atakuwa na miaka 56, pengine ana wajukuu, na bado yumo kwenye hesabu ile. Hakuna meya wala gavana anayeweza kuamka asubuhi akaifuta bila kumlipa mwenye mkataba fidia.

Barabara ya Nairobi Expressway nayo, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza 2022 kwa gari dogo kulipa shilingi 360 mwanzo hadi mwisho. Januari 2024 ikawa 500. Lawama zilimwangukia anayesimama kwenye kibanda cha lango, maskini, lakini sababu ilikuwa dola. Aliyejenga hesabu zake ziko kwa dola, dereva analipa kwa shilingi, na shilingi ikianguka pengo lazima lizibwe na mtu. Mkataba ulishasema mtu huyo ni nani. Mwezi ule dola ilikuwa inakaribia shilingi 160. Miezi michache baadaye shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 130, na ushuru haukurudi 360.

Hilo halikunishangaza. Nakumbuka wiki moja petroli ilipopanda, nikashuka gatini asubuhi na mapema, viatu mkononi maana maji yalikuwa yamekupwa, na nahodha wa boti ninayoipanda akatutangazia nauli mpya kabla hata hatujakaa. Sababu aliyotoa ilikuwa ya kweli kabisa. Baadaye petroli ikashuka. Nikamuuliza, "Kaka, na nauli?" Akatazama injini kama ndiyo iliyoulizwa. Yeye hana mkataba wa miaka 58, ana kopo la chenji na kiroba cha kukalia, lakini kanuni ni moja: kupanda kuna sababu, na kushuka hakuna aliyekuandika.

"Bei ya juu ni ya kukomoa watu tu"

Hapa ndipo nilipotofautiana na wengi, na mmoja akaniuliza kama nimepewa bahasha.

Angalieni Hong Kong. Chini ya bandari yao kuna mahandaki matatu ya magari: la kati la 1972, la mashariki la 1989 na la magharibi la 1997. Kwa miaka mingi gari dogo lililipa dola 20 za huko kwenye lile la kati, na kwenye lile la magharibi, lililokuwa mikononi mwa kampuni, bei ilifika 75. Wewe ungepita wapi? Foleni ya handaki la kati ilikuwa gumzo la kila siku, huku la magharibi likipumua. Agosti 2023 muda wa kampuni ukaisha, serikali ikalichukua, na Desemba mwaka huohuo ikaweka bei inayofuata saa. Saa za msongamano gari dogo hulipa 60 magharibi, na 40 kwenye yale mengine mawili. Saa tulivu ni 20 kote. Kwa hiyo kuna aliyepandishiwa na kuna aliyeteremshiwa, na nia ilikuwa kuwatawanya madereva, wengine wabadili njia na wengine wabadili saa.

Kwa hiyo bei ya juu inaweza kuwa na kazi. Ninachokikubali kwa wanaolalamika ni hiki: kubadili saa ni anasa ya mwenye ofisi yake. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, mwalimu, fundi anayesubiriwa na mkandarasi, hao saa hawajipangii wenyewe. Bei inayofuata saa humkamata zaidi yule ambaye saa yake iko mikononi mwa mwajiri.

"Hakuna kizuizi wala askari, pita tu"

Usijaribu. Dartford waliondoa vizuizi Novemba 2014 na kuweka kamera zinazosoma namba za gari. Una hadi saa sita ya usiku wa siku inayofuata uwe umelipa mwenyewe. Ukisahau, barua inakuja nyumbani: faini ya pauni 70, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14. Mpwa wangu aliijua barua hiyo mwezi wake wa kwanza.

"Asiyetaka apite njia nyingine"

Nairobi kauli hii ina miguu. Chini ya nguzo za Expressway barabara ya Mombasa bado ipo, ina foleni yake na haina lango, na anayetaka kuokoa shilingi 500 atazilipa kwa dakika. Mombasa nako, Likoni aendaye kwa miguu anavuka kwa feri bure, gari ndilo linalolipa, na mwenye gari asiyetaka feri sasa ana barabara ya Dongo Kundu ambayo haina ushuru.

Norfolk mambo ni magumu zaidi. Daraja la Jordan lililo jirani nalo lina ushuru wake, na njia za bure zinamzungusha mtu mbali. Hapo "apite njia nyingine" ni maneno ya mtu asiyeishi pale. Na watu wa pale wafanye nini, waogelee? Ushuru wa mahali penye njia mbili na ushuru wa mahali penye njia moja ni vitu viwili tofauti hata kama kiwango ni kilekile, na ningekuwa mimi ndiye mwenye kuandika mikataba hii, hilo lingekuwa swali la kwanza.

"Sisi wa Lamu hayatuhusu"

Walipochoka kubishana kuhusu Uingereza, mmoja akainuka akakung'uta kikoi na kusema Mungu ametuepusha, sisi ushuru wa barabara hatuujui, barabara zetu ni vichochoro na magari yetu ni punda.

Sasa narudi kwa yule maiti aliyehamishwa. Vituo vya barabarani vilipoondolewa, ushuru uliingizwa kwenye mafuta, kwa sheria ya 1993 ya hazina ya matengenezo ya barabara. Humuoni mtoza wala lango, umo ndani ya bei ya lita. Kwa miaka kadhaa ulikuwa shilingi 18 kwa kila lita ya petroli au dizeli. Julai 2024 ukapanda hadi shilingi 25. Mwaka 2025, katika hizo 25, shilingi 7 ziliwekwa rehani ili wakandarasi waliokuwa wakiidai serikali walipwe. Na anayedhani kuwa tukilipa kwenye mafuta basi malango hayatarudi, aitazame barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Novemba 2025 kwa mpango wa kutoza kwa kilomita. Tozo ya mafuta haijafutwa kwa ajili yake. Vyote viwili vitakwenda pamoja.

Pampu haimuulizi mtu anapeleka wapi mafuta. Haijui hii petroli ni ya matatu ya Malindi au ya injini ya boti. Anayejaza dumu analipa tozo ya matengenezo ya barabara, hata kama mafuta yote yataungulia juu ya maji, kati ya gati la Lamu na la Mokowe, mahali ambapo hakuna mkandarasi atakayeziba shimo hata moja.

Kesho yake asubuhi nilimkuta nahodha wangu akimimina kwa mpira, dumu la lita 20, manjano, mdomo umefungwa kitambaa badala ya kifuniko kilichopotea. Nikamwambia tupige hesabu: lita 20 mara 25.

"Mia tano," akasema bila kuacha kumimina.

Nikamwambia ni sawasawa na gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands.

Akanyanyua mpira, akaacha tone la mwisho liingie, akaufunga mdomo wa dumu kwa kitambaa. "Na mimi ninapita barabara ipi?"

Nikamtajia ya Garsen hadi Mokowe, ambayo siku hizi ni lami, na ndiyo inayomletea abiria wa mabasi. Akakubali kwa kichwa, nusu. Kisha akahesabu watu waliomo ndani, akaona bado wawili, akakaa juu ya kiroba chake kusubiri. Nauli nilimpa ileile ya siku petroli ilipopanda.