Kutonesha hamstringi ni nini, na mbona ukiivuta mara moja haikuachi?

Mchezaji akisema ametonesha hamstringi hajasema tu ameumia, amesema alishaumia hapo hapo, akarudi kucheza, na imeshika tena. Ni kama kidonda unachokigonga kabla hakijafunga. Hamstringi yenyewe si msuli mmoja, ni mitatu nyuma ya paja, inaanzia kwa ule mfupa wa kukalia inashuka hadi chini ya goti.

Kuna jamaa tulicheza naye raga hapa Nakuru, wingi, yaani yule wa kukimbia pembeni, mbio anazo. Alivuta mguu wa kushoto, wiki ya pili akawa anatembea poa, ya tatu anajogi, hata ngazi anapanda akiimba, akamwambia kochi yuko fiti. Tukaenda sevens, ile raga ya watu saba, Kisumu, pale Mamboleo, mechi ya kwanza akapata mpira na uwazi wa kama mita 40 mbele yake, hatua ya sita au saba hivi nikaona mkono umeenda nyuma ya paja. Ule mkono kila mtu anaujua. Na hakuna aliyemgusa.

Sasa hapo shida ni kwamba maumivu huisha kabla msuli haujapona. Ukijogi hamstringi haisumbuki sana, kazi yake ngumu ni ukiwa spidi ya mwisho, mguu umerushwa mbele na bado haujakanyaga, hapo ndio inapigia goti breki, yaani inavutwa na huku inakaza kwa wakati mmoja. Pale ilipochanika pamezibwa na kovu, na kovu halivutiki kama nyama ya kawaida, halafu mwili nao unauhurumia ule mguu hauupi nguvu yote, na wiki tatu za kutokimbia zimeshaula msuli. Kwa hivyo ngazi na jogi hazikuambii kitu. Dawa ya kupaka ndio kabisa, inanyamazisha tu.

Si sisi peke yetu wa viwanja vya vumbi, hata wale wenye madaktari wao wanatonesha. Utafiti uliofuatilia vilabu vikubwa vya UEFA kutoka msimu wa 2001/02 hadi 2021/22 ulikuta 18% ya majeraha ya hamstringi ni ya kurudia, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo yalitokea ndani ya miezi 2 tangu mtu arudi uwanjani. Ukitaka kujua nani ataumia, uliza kwanza nani alishaumia, umri nao unachangia. Kunyoosha miguu dakika mbili kabla ya mechi, ile tunayoamini sana, haitoshi.

Kinachosaidia ni kurudisha spidi pole pole, asilimia 60, 80, hadi umekimbia ile mbio ya mwisho mazoezini mara kadhaa bila kusita, ndio ufikirie jezi. Na lile zoezi wanaliita nodiki: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo, unashuka mbele taratibu ukijizuia. Tafiti zimeonyesha timu zinazolifanya hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu, na wengi bado hatulifanyi kwa sababu siku ya kwanza linauma vibaya, kesho yake hata kuketi chooni ni kazi.

Yule jamaa mimi ndio humshikia vifundo siku hizi. Mwanzo alikuwa anaanguka kama gunia la viazi, sai anafika hesabu ya nne kabla mikono iguse nyasi, kochi anataka sita.