Rabi Isaac Luria, mwalimu wa Kabala aliyeandika kidogo

Wengi wakisikia Kabala hufikiria uzi mwekundu mkononi, hirizi na kupiga ramli. Hayo ni ya pembeni. Kabala ni elimu ya Kiyahudi kuhusu siri za Mungu na uumbaji, na sura yake inayofahamika zaidi leo imetoka kwa Rabi Isaac Luria, ambaye Wayahudi humwita Ha-Ari, yaani Simba.

Alizaliwa Jerusalem mwaka 1534. Baba yake alipofariki, mama alimpeleka Misri kwa mjomba, tajiri aliyekusanya kodi. Huko alisomea sheria za Kiyahudi kwa Rabi Bezalel Ashkenazi. Hakuwa mtawa wa kukaa pangoni: aliuza pilipili manga na nafaka. Mapokeo yanasema pia alijitenga kwa miaka kwenye kisiwa cha mto Nile, akiidurusu Zohar, kitabu kikuu cha Kabala kilichojitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13.

Mnamo 1570 alihamia Safed, mji wa Galilaya uliokuwa chini ya Waturuki, wenye familia nyingi za Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Alifundisha hapo kama miaka miwili tu. Tauni ilimuua Julai 1572, akiwa na umri wa miaka 38.

Alifundisha nini? Kwamba Mungu, aliyeenea kote, alijifinya ili ulimwengu upate nafasi. Nuru yake ikamiminwa katika vyombo, vyombo vikashindwa kuihimili, vikapasuka, cheche zikatawanyika. Kazi ya binadamu ni kuziinua cheche hizo kwa sala na kwa kutimiza amri, hadi ulimwengu utengemae. Mtafiti Gershom Scholem aliona humo uchungu wa uhamisho wa Hispania. Mtafiti mwingine, Moshe Idel, alimpinga, nami naona pingamizi lake lina uzito, kwa kuwa maandishi yenyewe hayaitaji Hispania waziwazi.

Na maandishi hayo karibu yote si ya Luria. Yeye aliacha nyimbo za Sabato na fafanuzi chache. Inasimuliwa kuwa alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kila akifungua kinywa, mambo humjia kama bahari iliyovunja kingo. Tunayemsoma hasa ni mwanafunzi wake Chaim Vital, aliyezibania nakala zake asitake zisambae, ingawa zilinakiliwa hata hivyo. Vital alifariki Damascus mwaka 1620, na mwanawe Shmuel ndiye aliyezipanga upya.