Nesi wa Kiume: Yanayosemwa na Yaliyopo Wodini

"Huyo ni daktari, au alikosa udaktari." Wala. Tanzania, stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3. Shahada ni miaka 4, kisha mwaka wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini. Leseni hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na haina ya kike wala ya kiume. Kinachotatiza ni jina "sista". Mwite kaka, au muuguzi, ataitika.

"Mwanaume hazalishi." Hili ndilo kubwa. Ukunga umo ndani ya mafunzo, kwa hiyo mwanafunzi wa kiume hupita leba kama wenzake. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, yawe 110 hadi 160 kwa dakika; njia ya uzazi hupimwa imefunguka kiasi gani kila saa 4, na kipimo kujazwa kwenye patografu, chati ya mwendo wa uchungu. Mtoto akitoka, tumbo hupapaswa kwanza, kama kuna pacha; ndipo mama achomwe oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 pajani, ndani ya dakika moja. Pacha akisahaulika, mji wa mimba humbana humo humo.

Panapotaka busara ni kabla ya kumgusa mama. Jitambulishe, eleza unachopima na kwa nini, vuta pazia, mwite mfanyakazi wa kike awepo, halafu subiri jibu. Mama akikataa, mwenzako wa kike anaingia, bila kununa. Wengi hukosea hapa: wanauliza glavu ziko mkononi na shuka limeshafunuliwa. Hapo hukuomba ruhusa, umetoa taarifa.

"Wamewekwa kubeba wagonjwa." Misuli peke yake huumiza mgongo wa muuguzi na kuchubua ngozi ya mgonjwa anayeburuzwa. Asiyejiweza hugeuzwa kila saa 2, na watu wawili, kila mmoja ameshika shuka la katikati lililo chini ya mgonjwa, magoti yamekunjwa.

"Mpira wa mkojo wa wanaume ni kazi yao tu." Wagonjwa wengi huwapendelea, ni kweli, lakini wauguzi wote hufundishwa. Mpira huingizwa hadi kwenye njia panda yake, pale unapogawanyika, na mkojo uonekane; ndipo puto la ncha yake, linaloushikilia kibofuni, lijazwe maji safi ya sindano, kwa kawaida mililita 10. Likijazwa mapema, njia ya mkojo huchanika na damu hutoka. Asiyetahiriwa, govi lirudishwe mbele baada ya kazi. Likiachwa nyuma huvimba na kukaba kichwa cha uume.